Damu Iliyopita Kwangu

Kaeni, wanangu, kaeni karibu, na wewe Nasra usisimame hapo mlangoni kama mgeni aliyekuja kuulizia njia, ingia ukae kitako miguuni pangu nikuone, kwa kuwa haya nitakayoyasema leo Jumatatu, saa tatu ya asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu, yanakuhusu wewe kuliko yanavyomhusu baba yako, ingawa yeye ndiye atakayekasirika. Mama Nasri, niwekee mto mwingine mgongoni. Si huo, ule mgumu. Dirisha liacheni wazi. Uweso, wewe ndiye mkubwa wao, shika kalamu uandike kwamba anayesema ni Sabiri bin Luqmani bin Uweso, mzaliwa na mkazi wa Chumbageni, karani mstaafu wa shamba la mkonge, na kwamba hakuna aliyemshurutisha.

Nianze na mali tuiondoe njiani, maana masikio ya mrithi hayasikii neno lingine mpaka yalisikie hilo. Nyumba hii na shamba la michungwa la Muheza vitagawiwa kama Mwenyezi Mungu alivyogawa. Mimi sikusoma kiasi cha kumsahihisha. Nasri, lile neno lako la kwamba umelipalilia shamba miaka kumi huku ndugu yako amekaa mjini anakula machungwa tu, nimelisikia, na ni kweli umelipalilia, na ni kweli vilevile kwamba machungwa ya miaka hiyo kumi hayakupita mbele ya mlango huu. Sameheaneni leo, nikiwa bado nasikia. Sheria inaniruhusu kuusia theluthi kwa wasiorithi, nami theluthi hiyo nawapa watu wawili: nusu yake Maryam binti Haroub wa Pemba, mke wangu wa kwanza, mama yake Uweso na marehemu Zuleha, niliyemwacha, na nusu yake Nasra binti Nasri, mjukuu wangu. Msigune. Sababu zinakuja, na mkishazisikia mtaona kwamba nimewapa kidogo.

Keshokutwa, Jumatano, Nasra alikuwa na miadi Dar es Salaam kwa Daktari Praxeda, akapimwe damu na apigwe picha ya matiti. Jana baada ya adhuhuri, Nasri, ukidhani nimesinzia, ulimpigia daktari simu hapo ukumbini ukamwambia: "Binti yangu haji. Ugonjwa ule ulikuwa wa marehemu dada yangu Zuleha, na Zuleha mama yake ni Mpemba. Mimi mama yangu mwingine. Wanangu hawamo." Kisha ukamgeukia mama yako ukasema: "Harusi mwezi ujao. Wakina Ayubu wakisikia bibi harusi anapimwa saratani, posa itarudi kabla chai haijapoa."

Sikukulaumu, mwanangu. Nililala pale nikitazama dari, nikajilaumu mwenyewe, kwa sababu neno hilo la "mama yake ni Mpemba" hukulitunga wewe. Nililitunga mimi, nikalisema mbele ya watu, nanyi mkaliokota kama mtoto anavyookota tusi la baba yake. Leo nalirudisha.

Zuleha alipougua, mwaka 2014, alikuwa na miaka thelathini na minane. Siku moja uani, Maryam akichagua mchele, aliniuliza: "Baba Uweso, mamako alikufa nini?" Nikamjibu, homa. "Na dadako Mwanamkasi?" Nikamjibu, homa. Akauweka ungo chini, akasema: "Homa gani hiyo ya nyumba hii, inayochagua wanawake watupu? Miaka arubaini unanisomea nasaba yako, fulani bin fulani bin fulani, vilemba vitupu, hamna kanga hata moja." Nikaona amenivunjia heshima, nikanyanyuka. Jibu nilikuwa nalo.

Mama yangu, Mwanakombo binti Nasri, alifariki mwaka 1957, nikiwa na miaka kumi na mitano, niko skuli. Niliporudi nyumbani nilikuta chumba chake kinafukizwa udi mwingi kuliko msiba unavyotaka, na chini ya udi ilikuwapo harufu nyingine ambayo mtoto haifahamu lakini haisahau. Niliambiwa ni homa, nikaandika homa nyuma ya msahafu, pale tulipokuwa tukiandika vizazi na vifo. Dada yangu Mwanamkasi alifariki mwaka 1979. Huyo nilimpeleka kwa daktari mwenyewe, daktari akataka kunionyesha, nami nikageuza uso nikatazama ukutani. Nikarudi nyumbani nikaandika homa tena. Mimi niliyekuwa nikimtoza mtu faini kwa kuandika Ali pale panapotakiwa Alii, nilikuwa naandika uongo kwa wino mzuri.

Tukamzika Zuleha mwaka 2016. Siku ya tatu, watu wamejaa kwenye khitma, mzee mmoja akauliza kwa huruma, huyu binti kapatwa na nini akiwa mdogo hivi, nami nikasema kwa sauti iliyofika kwa wanawake: "Ugonjwa wa maziwa hufuata maziwa. Kaunyonya kwa mama yake. Umevuka kutoka Pemba." Maryam alikuwa nyuma ya pazia. Wiki ile alikwenda kwao, na talaka nikamtumia nyuma yake kwa barua. Ndugu yake, Mbarouk, alivuka akaja kusimama kibarazani hapo, akakataa kiti, akakataa kahawa, akasema: "Sabiri, umemzika mtoto na umemfukuza mama yake kwa jeneza moja. Kweli wewe karani, hupendi kazi kurudiwa." Tangu siku hiyo hatukuonana, naye ameshatangulia mbele ya haki. Kwake siwezi tena kwenda.

Nipeni maji. Kidogo tu. Nani anabisha? Mwambieni angoje, au arudi alasiri, wosia haukatizwi na muuza samaki.

Ile karatasi ya damu ya Zuleha ilikuja baada ya Maryam kuondoka. Iliandikwa kwamba jeni zinazojulikana kulinda titi zimesomwa na kasoro haikuonekana. Kwa haki ingetusafisha sote wawili au isimsafishe yeyote. Mimi niliitumia inisafishe mimi peke yangu. Nasri, najua unayo nakala yake kwenye simu yako, na kila ukiulizwa unaionyesha kama cheti. Lakini mwisho wa ukurasa, kwa herufi ndogo, pameandikwa kwamba sehemu zisizotengeneza protini hazikusomwa. Mstari huo niliuona siku ileile. Sikujua maana yake, na sikuuliza, maana nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Sasa, Nasri, nitazame. Mmeambiwa baba anaumwa kifua, na mmeniletea tangawizi na asali na mafuta ya karafuu, na jirani yetu kaniletea hata mzizi kutoka Amani, Mungu awalipe. Uweso anaujua ukweli. Mama yako anaujua tangu Ramadhani, alipoibadilisha fulana yangu, akanyamaza kwa kunistiri. Nina saratani ya titi. Mimi, mwanamume wa miaka themanini na mitatu.

Usiniambie astaghfirullah. Titi ni nyama, kila aliyeumbwa kapewa. Ulianza uvimbe upande wa kushoto, mdogo kama punje ya kunde, nikaufunika kwa fulana mbili kwa miezi minane, hata kwenye joto la Machi, nikisali nyuma ya watu wote ili mtu asinione ninavyoinuka. Uweso ndiye aliyeiona damu kwenye kanzu, akanipeleka Dar es Salaam kwa nguvu, na wengine mkaambiwa nimekwenda kutazamwa macho.

Daktari Praxeda ni mwanamke mfupi, mpole, anaandika kwa mkono wa kushoto. Aliniomba nimtajie watu wa ukoo wangu na maradhi yaliyowaua. Nikafurahi, nikaona hii ni kazi yangu. Nikamtajia babu mpaka wa saba, na miji waliyozikwa. Akaandika yote, kisha akasema taratibu: "Na wanawake, mzee?" Nikamwambia wanawake walikuwapo. Akasema: "Naamini walikuwapo. Majina yao?" Nikataja watatu nikakwama. "Na hawa watatu walikufa na nini?" Nikataka kusema homa, na mdomo ukakataa.

Nikarudi Tanga nikaenda kwa Bi Mwanamwema, mwosha maiti, ambaye sasa haoni lakini akili yake ni kisu. Ndiye aliyewaosha Mwanamkasi na Zuleha, na mama yake ndiye aliyemwosha mama yangu. Mnajua dini ilivyofundisha: mwosha hasemi alichokiona, na anayestiri aibu ya maiti hustiriwa. Nikamwuliza, akakataa. Nikamwambia mimi ndiye walii wao, nakupa ruhusa. Akacheka, akasema: "Sabiri we! Ulikuwa ukiita majina ya watu mia nne wa mkonge bila kutazama daftari, hujui mama yako kafa nini? Unajua. Unataka mimi nilitamke ili wewe usilitamke." Nikamwambia ndivyo. Akamaliza kikombe chake, akasema: "Upande wa kushoto mama yako. Pande zote mbili Mwanamkasi. Zuleha wamjua mwenyewe. Na bibi yako mzaa mama, mama yangu alinisimulia alipokaribia kufa, naye vivyo hivyo." Wanawake wanne, na yote yameishia katika chumba cha kuoshea, yakatoka na maji yakaingia mchangani. Sililaumu lile agizo la kustiri. Ni agizo zuri, na limezuia fitina nyingi katika mji huu. Lakini tuliowahusu tulilitumia kama kifuniko. Kwa hiyo Uweso, andika hili: atakayeniosha nampa ruhusa aseme alichokiona, kwa yeyote wa damu yangu atakayeuliza.

Daktari akachukua damu yangu, na akaitafuta ile ya Zuleha iliyohifadhiwa, na safari hii hawakusoma jeni peke yake, wakasoma na vile vilivyoachwa. Alinieleza hivi, nami nawaeleza nilivyofahamu. Ndani ya mwili mna maandishi marefu ajabu, tuliyopewa na baba na mama, na katika kila mia ya maandishi hayo ni kama mawili tu yanayosema protini itengenezwe vipi. Yaliyobaki hayatengenezi kitu, na wataalamu wa zamani wengi waliyaita takataka. Kumbe miongoni mwa hayo zimo sehemu zinazoamuru: anza, acha, zidisha, punguza. Si yote, mengine bado hawajui kazi yake, na Daktari hakuona haya kusema hajui. Alitafuta mfano akaniambia ni kama swichi ya taa. Mimi nikakumbuka kitu kingine.

Mwaka 1966, kule shambani, nyapara alikuwa akigonga alfajiri kipande cha reli kilichoning'inizwa, na watu wa kambi ya juu, mia moja na kumi na wawili, wakisikia hushuka kukata mkonge. Siku moja niliita majina yao na hakuna aliyeitika. Nikaandika "mtoro" mara mia moja na kumi na mbili. Jua limepanda, akaja Asheri, Mshambaa mrefu, panga begani, akasema: "Karani, unatuandika watoro? Tumekaa wote tumevaa, tunangoja chuma. Hebu kakitazame chuma chako." Tukaenda kukitazama. Ufa mwembamba kama unywele, pale juu penye tundu la mnyororo. Ukikigonga kinasema ka, kama kibuyu. Mkonge haukukatwa siku ile, na watu wote walikuwa wazima.

Ndivyo tulivyo sisi. Iko jeni inayolitengeneza titi pale linapoharibika. Hiyo kwetu ni nzima, kila herufi yake iko mahali pake, ndiyo maana karatasi ya kwanza haikuona kitu. Herufi moja imebadilika mbele yake, pale panapoamuru iamke. Kila mtu anazo mbili, moja ya baba na moja ya mama. Kwetu moja haiitwi, na siku jeni ya pili ikiumia, titi halina mlinzi. Daktari hakuniambia kwa pupa. Walikaa mwaka mzima wakipima na kurudia kupima, kwa kuwa mabadiliko mengi ya sehemu hizo hayana madhara, mpaka wakaona kwamba kwenye damu yangu kweli mlinzi huyo anatengenezwa nusu. Badiliko ninalo mimi. Zuleha alikuwa nalo lilelile.

Na Maryam hana. Uweso alikwenda kumwomba damu, na mnajua nilivyomtendea. Alinyoosha mkono akasema: "Chukueni. Mimi majibu ninayo tangu siku ya mchele."

Ngojeni nipumue... Nigeuzeni kidogo, upande huu unauma. Hapo. Basi, hapo.

Kwa hiyo Nasri, kuwa mama yako ni mwingine hakukutoi. Badiliko lilikuja kwa baba. Mmechangia baba, wewe na Zuleha na Uweso. Huenda unalo na huenda huna, nusu kwa nusu, na kama unalo, kwa Nasra vilevile nusu kwa nusu. Ndiyo maana Jumatano nataka wewe utoe damu pamoja naye. Kama huna, yeye hawezi kuwa nalo kupitia kwako, na mtarudi mnacheka njia nzima. Kama mnalo, atapigwa picha kila mwaka, na kitu kikijitokeza kitakutwa kingali kama punje ya ulezi, na madaktari wana la kufanya. Zuleha alikutwa kimeshashuka kwapani. Hiyo ndiyo tofauti, hakuna nyingine. Uweso ameshatoa ya kwake, anangoja majibu, na hajafa kwa kungoja.

Najua unachokiogopa, na si posa peke yake. Unaogopa kuwa wewe ndiye uliyempa. Nakijua, kwa kuwa nimekaa nacho tangu mwezi uliopita. Kinauma kuliko huu uvimbe. Lakini tazama nilichokifanya ili kisinifike: nilimtupia mke wangu, na nilimwacha binti wa mwanangu atembee gizani, naye ndiye ninayempenda. Usirudie kazi yangu.

Ama hiyo posa, mwambieni kijana mapema, asije akaambiwa na mashoga jikoni siku ya harusi...

Unasema nini, Nasra? Inua sauti, masikio yangu ni ya zamani. Umeshamwambia? Lini umemwambia? Ijumaa. Naye kasemaje? Rudia, baba yako asikie. Kasema ataendesha gari yeye, na kwamba mpitie Muheza mumchukue shangazi yake naye akapimwe? Haya. Nasri, umesikia. Kijana wa watu, hajala hata wali wa nyumba hii, kawashinda kwa moyo wanaume wawili wazima.

Sasa nimalizie, maana pumzi imekuwa fupi, naisikia mwenyewe. Maryam aombewe radhi. Uweso, utavuka wewe, na utakwenda na nakala ya maneno haya: kwamba Sabiri alisema uongo mbele ya watu, na ameukana mbele ya watoto wake. Utayasema kibarazani kwake, majirani wakiwapo. Asiponisamehe, usimbembeleze. Ana haki.

Nyuma ya msahafu, futeni homa. Andikeni ugonjwa kwa jina lake, na majina ya wale wanawake... wote wanne. La bibi yangu mzaa mama Bi Mwanamwema analijua. Mimi sikuwahi kuuliza.

Nikifa leo, nizikeni leo. Nikifa kesho, kesho. Lakini Jumatano alfajiri gari iondoke. Msimweke Nasra matangani. Msimwambie angoje khitma. Watu watasema, babu yake hajakauka kaburini, wao wamekwenda Dar es Salaam. Wacheni waseme. Nasri... utaikosa khitma ya baba yako. Nakuruhusu. Nakuomba. Nisomee Fatiha njiani, inafika... gari nayo ni mahali pa kusomea.

Mama Nasri, umenistiri, Mungu akustiri. Uweso, mpende ndugu yako, michungwa isiwatenganishe. Nasra, njoo uweke kichwa hapa... hapa mkononi. Mwenyezi Mungu akupe umri wa bibi zako wote waliopunguziwa. Akupe watoto wa kike... na uwaambie kila kitu. Radhi zangu mnazo. Wote mnazo. Hata wewe, Nasri, ukienda... na usipokwenda. Sikuwekei radhi kama mtego.

Lakini piga simu. Sasa hivi, hapa, nisikie. Hiyo ya daktari.

Inalia?

Mwambie mnakuja. Mwambie... watu wawili.